Nimemtolea Baba Mkwe Isale Kwa Ajili ya Dansi

Jamani, leo nimeadhirika mbele ya kitongoji kizima, wazee kwa watoto, na mbuzi mmoja ambaye ndiye chanzo cha yote.

Niko intaneti kafe hapa mjini Moshi. Suruali yangu ina tope mpaka magotini, na dada wa kaunta amenitandikia gazeti kwenye kiti kabla sijakaa. Sikubisha. Leo sina hadhi ya kubishana na mtu. Nawaandikia wote kwa pamoja ili nisirudie kusimulia, maana kusimulia mara moja kunatosha kumuua mtu.

Mnajua kazi yangu ni kutengeneza redio, na chumba changu ni kile kile cha Majengo. Lakini kila Jumamosi mchana napanda Old Moshi kufundisha dansi. Rumba, chacha, na waltz kidogo kwa wanaojiandaa na harusi. Tunachezea kwenye ghala la kahawa la zamani. Siku hizi wanunuzi wanakuja na magari yao mpaka mlangoni kwa mkulima, kwa hiyo ghala limebaki na popo na harufu ya magunia. Ufunguo wa ghala ni wa Mzee Aminieli, Neema ndiye aliyeniazimia. Na Mzee Aminieli ndiye baba yake Neema. Neema simwelezi, nimewachosha naye tangu mwaka jana.

Sasa, darasa langu lilikuwa na shida moja kubwa. Wanawake kumi na wanne, wanaume sita. Mimi nilifundisha kama nilivyofundishwa: mwanaume anaongoza, mwanamke anafuata. Matokeo yake wanawake wanane walikuwa wanakaa kwenye magunia wanasukana nywele na kunisengenya. Na kati ya wale wanaume sita, wawili hawakutaka kuongoza kabisa. Mmoja aliniambia wazi, "Mwalimu, mimi kutwa naongoza ng'ombe. Hapa nimekuja kuongozwa, nipumzike."

Neema ndiye aliyeniuliza, "Hivi nani alisema anayeongoza lazima awe na ndevu?"

Nikamjibu kwamba dansi ndivyo ilivyo.

"Wewe Eli, ndevu zenyewe huna," akasema.

(Kweli ni kweli.)

Basi tukakaa chini, mimi na yeye, tukapanga utaratibu mpya. Tukafuta maneno "hatua za kiume" na "hatua za kike". Tukasema kuna anayeongoza na kuna anayefuata, basi. Kila mtu ajifunze zote mbili, halafu kwa kila wimbo achague mwenyewe anachotaka. Mwanaume akitaka kufuata, afuate. Mwanamke akitaka kuongoza, aongoze. Likabaki tatizo la kujuana. Wiki ya kwanza watu walikuwa wanaulizana, "Wewe leo nani?" mpaka wimbo unaisha. Wiki ya pili tukabandika vizibo vya soda kifuani, vikachana mashati ya watu. Mwisho Neema akashona vitambaa vyekundu vya kufunga mkononi. Mwenye kitambaa anaongoza, asiye nacho anafuata. Mkitaka kubadilishana katikati ya wimbo, kitambaa kinahamia kwa mwenzako na uongozi unahama nacho. Na ukitaka kumwomba mtu mcheze, humvuti mkono. Unamwendea, unanyoosha mikono yote miwili, unainama kidogo, unasema, "Nakuomba." Yeye akiwa hataki anasema, "Asante, wimbo ujao," na hakuna kununa.

Hiyo mikono miwili na kuinama niliibuni mimi. Nilijisifu nayo wiki nzima. Naomba muikumbuke.

Utaratibu ukakubalika ajabu. Magunia yakabaki bila mtu. Yule wa ng'ombe akawa mfuataji hodari kuliko wote, anacheza amefumba macho. Kitu kimoja tu Neema alikuwa akinichokoza nacho. Mimi mwenyewe sijawahi kufuata, hata wimbo mmoja. "Umewapa watu wote uhuru wa kuchagua," aliniambia, "kasoro wewe." Nikamwambia mwalimu hafuati. Nilisema kwa sauti nzito, ile ya redio ya taifa.

Sasa sikilizeni kilichokuwa hatarini. Mwezi ujao nilipanga kupeleka wazee wangu kwa Mzee Aminieli kumposa Neema. Mzee alikuwa hataki hata kulisikia neno dansi. Kwake yeye dansi ni mwanaume kumburuta mtoto wa watu. Baada ya Neema kumbembeleza sana akasema, "Jumamosi nitakuja kuona kwa macho yangu. Nikiona binti mmoja anaburutwa, ufunguo wangu urudi, na huyo fundi redio asinipitie tena getini." Kwa hiyo leo haikuwa dansi. Leo ilikuwa mtihani wangu wa kuoa.

Kuna jambo lingine, dogo, ambalo lazima mlijue. Mzee Aminieli na jirani yake, Mzee Filemoni, hawajasalimiana mwaka mzima na zaidi. Sababu ni mfongo, ule mfereji unaoleta maji ya mlimani mpaka kwenye vihamba, mashamba ya migomba na kahawa. Maji yanakwenda kwa zamu. Siku ya zamu ya Mzee Aminieli, maji yote yalikutwa yamemwagikia kwenye migomba ya Mzee Filemoni. Mzee Aminieli akasema kaibiwa maji. Mzee Filemoni akasema hajui lolote. Mchungaji akawasuluhisha, wapi. Hata kanisani mmoja anakaa kulia mwingine kushoto. (Kuhusu mfongo huo mimi nilikuwa na sababu zangu za kukaa kimya. Tutafika.)

Haya. Leo asubuhi nimepanda mapema. Vitambaa nilikuwa nimevifua nikavianika kwenye ua wa ghala, nikaingia ndani kufagia kinyesi cha popo. Kutoka nje, namkuta mbuzi wa Mzee Filemoni amesimama pale anatafuna kwa utulivu kabisa, kipande chekundu kinaning'inia mdomoni. Nikapiga kelele. Nikavuta. Akavuta. Kitambaa cha mwisho kikaingia tumboni mbele ya macho yangu.

Saa ilikuwa inakwenda. Vijana wanaanza kufika. Nikatazama huku na huku nitumie nini. Na pale pale, kwenye mpaka wa ghala, si masale yamejaa! Majani marefu, mabichi, yana rangi nzuri, yanafungika kama kamba. Nikasema Mungu si Athumani.

Najua mnachotaka kuuliza. "Eli, wewe si Mchagga?" Ni Mchagga! Lakini nimekulia Himo barabarani, baba anauza spea. Isale kwetu ni ua wa kuzuia kuku. Kwamba isale ni jani la kuombea msamaha nilikuwa nalijua kama ninavyojua amri kumi, yaani ninalijua lakini haliko karibu. Ukimkosea mtu kosa zito, unampelekea isale limefungwa fundo, unampa kwa mikono miwili umeinama. Na huyo mtu, hata awe na hasira kiasi gani, hawezi kukataa kusamehe. Jani lile halichezewi. Haya yote yalikuwa kichwani mwangu mahali fulani, chini ya mambo ya redio.

Nikachana majani membamba membamba, nikawafunga vijana mkononi wale waliotaka kuongoza. Kumi na mmoja kwa jumla. Vijana wenyewe wengi wa mjini, hakuna aliyeshtuka. Halafu nikachagua jani moja zima, refu, zuri kuliko yote. Hilo nikaliweka la mgeni rasmi. Ili lipendeze, nikalifunga fundo katikati.

(Ndiyo. Fundo. Mwenyewe. Kwa mikono yangu.)

Wa kwanza kufika upande wa wazee alikuwa Bibi Ndeshi, mama yake Mzee Aminieli, bibi yake Neema. Ana miaka zaidi ya themanini na macho ya mwewe.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba." Akawatazama vijana wangu mkononi, mmoja mmoja. "Mae! Wote hawa wana isale? Wamekosa nini?"

Mimi nikajua anatania kuhusu hatua za dansi. Nikacheka. "Bado hawajakosa, Bibi. Ndiyo kwanza tunaanza."

Akatikisa kichwa. "Vijana wa siku hizi," akasema, akaenda kukaa.

Mkaona? Nilionywa. Mtu mzima alinionya waziwazi nikamchekea.

Mzee Aminieli akaingia na koti lake la kanisani, Neema nyuma yake. Miwani ya Mzee iko kwa fundi, kwa hiyo vitu vya mbali anaviona kama ukungu. Nikamkalisha kwenye kiti cha mbele. Mzee Filemoni naye akaja, akakaa ukuta wa pili, mbali kabisa, wakapeana migongo. Neema akatazama mikono ya vijana, akatazama lile jani zima mezani, akanitolea macho. Macho makubwa. Akatikisa kichwa. Akafanya na mdomo kitu ambacho sikukisoma.

Nikadhani ni mapenzi. Nikamkonyeza.

Nikawasha redio kaseti, nikawaeleza wazee utaratibu. Kwamba hapa hakuna kuburutana. Kwamba mwenye jani anaongoza, awe mke awe mume, na kila mmoja amechagua. Mzee Aminieli akauliza, "Na binti akikataa kucheza?" Nikawaambia vijana waonyeshe. Kijana mmoja akamwendea msichana, mikono miwili, "Nakuomba." Msichana akasema, "Asante, wimbo ujao." Kijana akainama akaondoka zake kwa amani. Wazee wakacheka. Mzee Aminieli akasema, "Huyo angekuwa mimi ningenuna." Lakini alisema kwa uso mzuri.

Halafu dada mmoja wa Majengo akamwongoza yule kijana wa ng'ombe chacha nzima bila kukosea hatua. Bibi Ndeshi akapiga makofi, akasema kwa sauti, "Ningeletewa jani hilo mwaka nilioolewa, nisingekanyagwa vidole miaka hamsini!" Ukumbi ukaangua kicheko. Mzee Aminieli akaegemea kiti. Akatikisa mguu kufuata muziki! Niliuona mguu ule kwa macho yangu. Nikajua nimefaulu, nimeoa, watoto nimeshawapa majina.

Na hapo ndipo shetani akaniambia, "Eli, mpe Mzee jani afungue uwanja."

Nikazima muziki ili watu wanione vizuri. (Kwa nini? Kwa nini nilizima muziki?) Nikachukua lile jani zima lenye fundo. Nikavuka ukumbi taratibu, kwa heshima. Kiti cha Mzee kilikuwa kifupi, kuinama tu hakukutosha, kwa hiyo nikapiga goti. Nikanyoosha mikono miwili.

"Mzee," nikasema, "nakuomba."

Kwanza niliona wazee wa nyuma wanasimama. Mmoja akavua kofia. Mwingine akasema "Yesu wangu" kwa sauti ya chini. Vijana nao wakanyamaza kwa kuwa wazee wamenyamaza. Nikasikia popo juu wanajigeuza.

Mzee Aminieli akainama, akalisogelea jani, akaligusa fundo kwa kidole. Uso wake ukabadilika. Akalipokea polepole, kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa.

"Elibariki," akasema. "Umefanya nini?"

Hapo, jamani, ndipo lile jambo lililokuwa chini ya redio likapanda juu lote kwa pamoja. Isale. Fundo. Goti. Mbele ya baba wa msichana.

Sikujibu. Na watu walipoona sijibu, kila kichwa ghalani kikageuka kumtazama Neema. Hawakumtazama usoni. Walimtazama tumboni.

"Msinitazame mimi!" Neema akapiga kelele. "Mimi sina kitu! Baba, sina kitu, naapa!"

"Bora asingeapa," nilimsikia mama mmoja akimnong'oneza mwenzake.

Nikaona nijiokoe kwa kusema ukweli. "Mzee, samahani, hapana, si hivyo. Ni la dansi. Ni kama wale pale, wanaoongoza."

Mzee akawaita vijana wawili wasogee. Akashika mikono yao, akaisogeza karibu na macho. Alipoona ni isale limechanwa vipande, sauti yake ikawa ndogo sana. Nawaambia, bora angefoka.

"Umechana isale ukafanya kikuku cha dansi?"

"Mzee, mbuzi alikula..."

"Nyamaza. Nakuuliza swali moja, ujibu neno moja. Hili ulilonipa mimi umeniletea kwa kosa, au umelileta kwa mchezo?"

Fikirieni, wenzangu. Nikisema mchezo, nimeidhihaki mila yao mbele ya ukoo wote. Ufunguo umerudi, Neema ameenda, na huenda nikashuka mlimani kwa mawe. Nikisema kosa, lazima nitaje kosa, na kila mtu ameshanichagulia la kutaja. Nilimtazama Neema. Nikajionea huruma, halafu nikamwonea yeye huruma zaidi, kwa sababu yeye hakufunga fundo lolote.

Nikajipekua moyoni nitafute kosa. Kosa la kweli, la ukubwa wa isale. Wala sikutafuta sana, maana nilikuwa nalo mwaka mzima na zaidi linaniwasha.

"Kwa kosa, Mzee," nikasema.

"Sema."

"Ule mfongo."

Mzee hakuelewa. "Mfongo gani?"

"Mzee Filemoni hakuiba maji. Ni mimi. Siku ile nilikuja kumwona Neema, tukaonana kule nyuma ya migomba. Tulizungumza tu! Mbwa wako akanitokea. Nikakimbia, nikaruka mfongo, sikufika ng'ambo. Nilitua kwenye ukingo, ukabomoka wote, maji yakageukia kwa Mzee Filemoni. Nikajaribu kuziba kwa magome ya mgomba. Halafu mbwa akarudi."



"Kwa nini hukusema?" Mzee akauliza.

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Wewe, Mzee." Nikafikiri kidogo. "Na mbwa."

Mtoto mmoja mlangoni akacheka. Wenzake wakacheka. Nikasikia kicheko kinatambaa ukutani mpaka kwa wazee, wanakiziba kwa kofia. Mimi bado nimepiga goti, goti linauma, jasho linaingia machoni.

Upande wa pili Mzee Filemoni alikuwa amesimama. "Nilikwambia, Aminieli! Nilikwambia mbele ya mchungaji! Mbele ya mchungaji ulisema mimi ni mwizi!"

Mzee Aminieli akalitazama isale mkononi mwake. Halafu akasimama, akanipita hapo chini kama vile mimi ni gunia, akaanza kuvuka ukumbi. Hakuwa na miwani, kwa hiyo alikwenda kwa kufuata sauti. Watu wakampisha. Alipofika kwa jirani yake, mzee yule mwenye miaka karibu sitini, mwenye koti la kanisani, akapiga goti. Akanyoosha mikono miwili.

"Filemoni," akasema, "nakuomba."

Jamani, mimi ni mtu wa mizaha, mnanijua. Lakini hapo sikuwa na mzaha. Mzee Filemoni akapokea isale kwa mikono miwili, akamwinua mwenzake kwa kiwiko, akamwambia kitu kwa Kichagga ambacho sikukisikia na hakikunihusu. Akina mama wakapiga vigelegele. Neema alikuwa analia waziwazi.

Na kumbe yule kijana wa ng'ombe, kwa kuchanganyikiwa au kwa akili nyingi, akawasha redio. Rumba ya polepole ikaanza.

Wazee wale wawili wakabaki wamesimama katikati, hawajui mikono waiweke wapi. Bibi Ndeshi ndiye aliyewaamulia. "Filemoni ndiye mwenye jani, si mmesikia utaratibu? Filemoni aongoze! Aminieli, wewe fuata! Mbishi tangu unanyonya!"

Mzee Aminieli akacheka, mara ya kwanza tangu nimjue. "Mwaka mzima nimeongoza ugomvi," akasema. "Haya, wacha leo nifuate."

Wakacheza. Walikanyagana, walizunguka upande usio wao, lakini walicheza wimbo mzima wameshikana mikono. Hakuna aliyeburutwa. Utaratibu wangu ulifanya kazi kuliko nilivyowahi kuuota, na hakuna hata mtu mmoja aliyenitazama kwa sifa. Nilikuwa bado chini, nimesahau kuinuka.

Nikaona viatu mbele yangu. Viatu vya Neema. Alikuwa na kipande cha isale mkononi mwake, kakiazima kwa mmoja wa vijana. Mikono miwili ameninyooshea.

"Nakuomba," akasema.

"Neema, leo niache."

"Kanuni yako inasema unaweza kukataa. Sema, 'Asante, wimbo ujao.'"

Nikatazama lile jani. Isale halikataliwi, na leo nilikuwa nimeshalitukana vya kutosha. Nikasimama. Nikamwekea mkono begani, mahali ambapo yeye huwa ananiwekea mimi. Ghala lote likatulia kumtazama mwalimu anayefuata kwa mara ya kwanza.

Sikujua kufuata! Miaka yote nafundisha, kumbe nusu moja ya dansi siijui kabisa. Yeye anakuja mbele, na mimi nakuja mbele. Tukagongana paji la uso. "Rudi nyuma, Eli," akaninong'oneza. "Niamini." Nikamwamini. Nikarudi nyuma hatua moja, ya pili, ya tatu, nikaanza kuona raha, nikafumba macho kama yule wa ng'ombe. Hatua ya nne nikakanyaga kitu laini kilichosema "mee". Mbuzi! Alikuwa ameingia kutafuta vitambaa zaidi. Nikaanguka kinyumenyume, nikakalia redio kaseti yangu mwenyewe, muziki ukakatika.

Katika ule ukimya Mzee Aminieli akauliza, kwa upole kabisa, "Huyu ndiye mwalimu?"

Wamecheka. Jamani wamecheka. Bibi Ndeshi ilibidi apepewe. Mchungaji hata hakuwepo, lakini nina hakika kesho ataambiwa ibadani.

Walipomaliza kufuta machozi nilihukumiwa hapo hapo. Wazee wawili wakakaa pamoja, benchi moja, wakashauriana kama watu ambao hawajawahi kukosana. Kwanza, mfongo ule niujenge upya ukingo wote, kwa mawe. Hukumu ilianza papo hapo, nikapelekwa kuonyesha nilipotua (ndiyo tope hili). Pili, isale halirudi mikono mitupu, kwa hiyo Jumamosi ijayo nilete mbege, pombe yetu ya ndizi, na mbuzi, wazee hao wanywe na kula pamoja mbele ya watu. Mzee Filemoni akasema mbuzi yupo, ataniuzia yule yule. Tatu, Neema ashone vitambaa vingine, na isale libaki kwenye ua linakostahili. Ufunguo wa ghala nimebaki nao.

Nikajikaza nikauliza, "Na lile jambo la wazee wangu kuja, Mzee?"

Mzee Aminieli akanitazama. Sijui aliona nini bila miwani. "Umekiri kosa ambalo hakuna mtu angelijua," akasema. "Waje. Lakini mimi nawapokea tu. Jibu atalitoa yeye anayejua kuongoza."

Nikamgeukia Neema. Akainama kidogo, kwa heshima zote za utaratibu wangu.

"Asante," akasema. "Wimbo ujao."

(Alikuwa anacheka. Nimekiwaza kicheko hicho njia nzima nikishuka, na nina hakika asilimia mia kilikuwa ndiyo. Tisini. Naomba mniombee.)

Basi nahitaji watu wawili wenye heshima wa kunisindikiza mwezi ujao, wasiwe na midomo. Na ninyi nawajua, mnasoma huku mmeshika mbavu. Naomba msicheke. Atakayecheka aniletee isale, nami nitamsamehe kama mila inavyotaka, ila yule mbuzi atamlipia yeye.